Nusu ya habari iko kwa mama: niliyojifunza kwa perege wa Ruvu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba kazi yako ni vinasaba, atakuuliza habari za mtoto na baba yake. Nimeulizwa hivyo kwenye daladala, nimeulizwa msibani, na fundi aliyekuja kutengeneza friza ya maabara aliniuliza hata kabla hajafungua begi lake. Siwashangai. Wengi wamelisikia neno hili kupitia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na nchi ina sheria yake ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009. Mimi nashughulika na samaki, hasa perege wa mto Ruvu. Ila swali lao silipuuzi, kwa sababu hata kwa samaki ninachotafuta mara nyingi ni baba, na huko kumtafuta baba ndiko kulikonifundisha karibu yote ninayoyaamini kuhusu kazi hii.

Ruvu unaanzia milima ya Uluguru na kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayotumia Dar yanatoka humo, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto huu una perege wake wa asili ambaye wataalamu humwita Oreochromis urolepis, na utamkuta pia Wami na Rufiji. Kwao ni mito hii yetu ya mashariki. Sato, yaani Oreochromis niloticus, ni mgeni huku. Asili yake ni mto Nile na baadhi ya maziwa, Tanganyika likiwemo. Miaka ya 1950 alipandwa Ziwa Victoria, ambako tayari kulikuwa na ngege na mbiru, samaki wa asili wa ukoo huohuo. Leo ngege yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka, na sato ni mmoja wa waliomsukuma huko, pamoja na sangara na uvuvi uliopita kiasi. Kisha sato akasambazwa kwenye mabwawa ya kufugia, mkoa hadi mkoa. Anakua haraka, wafugaji wanampenda, na wana haki ya kumpenda. Shida ni kwamba sato na perege wanazaana, na chotara wao nao wanazaa.

Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, na wenzao wa Uingereza wamekwisha kuonyesha kwamba samaki hawa wa kuletwa wameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania. Kwa hiyo swali la kama sato amefika halina ubishi tena. Swali linaloninyima usingizi ni hili: katika perege ninaowaona leo, ni wangapi bado ni perege?

Jicho linasaidia, tena sana. Sato ana mistari iliyosimama kwenye mkia, mingi na ya wazi, na mtu yeyote akionyeshwa mara moja haisahau. Perege wa Ruvu hana mistari hiyo, na dume lake likiwa tayari kuzaa hubadilika kuwa jeusi. Hao wawili wakilala kwenye sinia moja hutahitaji maabara. Kazi inaanza kwa yule wa tatu, mwenye mistari miwili mitatu hafifu inayoishia katikati ya mkia, au yule ambaye hana mstari hata mmoja lakini kichwa chake hakikai sawasawa machoni pa mvuvi. Na majina hayatufikishi mbali. Kwenye mabwawa ya kufugia, huku Pwani na pembezoni mwa Dar, watu wengi humwita perege kila samaki wa ukoo huu, sato akiwa humohumo.

Nilipoanza kazi hii tulikuwa tukisoma kipande kimoja cha DNA ya mitokondria, yaani vile viungo vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli ambavyo vina DNA yao wenyewe. Kina herufi kama 650 hivi, zile A, C, G na T tunazoandikia DNA. Tangu mwaka 2003, mwanasayansi wa Kanada Paul Hebert na wenzake walipopendekeza kitumike kama kitambulisho cha wanyama, kimekuwa ndicho cha kukimbilia. Ni rahisi, hakina gharama kubwa, na unaweza kulinganisha herufi zako na hazina za kimataifa siku hiyohiyo. Nakipenda na bado nakitumia. Lakini mitokondria hutoka kwa mama peke yake. Samaki huipata kwa mama, aliyeipata kwa mama yake, na dume hairithishi kwa mtoto yeyote. Uzuri ni kwamba mto wenyewe unatoka kwa Waluguru, ambao mtoto kwao ni wa ukoo wa mama. Mluguru akikutajia ukoo wake umejua mama yake katokea wapi, lakini bado hujaambiwa chochote kuhusu baba. Mitokondria ni hivyohivyo kabisa.

Sasa fikiria sato dume ametoroka bwawani, akaingia mtoni, akazaa na perege jike. Watoto wote watakuwa na mitokondria ya perege. Ukiwapima kwa kipande kile cha herufi 650, majibu yatakuja safi: perege, perege, perege. Utaandika ripoti kwamba mto uko salama, na kila herufi uliyoisoma itakuwa ya kweli.

Hapo ndipo zinapohitajika alama za kiini, yaani sehemu za ile DNA iliyomo kwenye kiini cha seli, ambayo mtoto huirithi kwa mama na kwa baba. Tunazotumia zaidi ni maikrosatelaiti, ambazo ni za aina moja na zile za kesi za wazazi. Kuna mahali katika DNA ambapo herufi chache zinajirudia mfululizo, tuseme CACACACA. Samaki mmoja amerithi marudio 12 kwa mama na 17 kwa baba; mwenzake amerithi 15 kwa wote wawili. Seli inaponakili sehemu kama hizi huteleza, ikaongeza rudio au ikapunguza, ndiyo maana zinabadilika upesi kuliko sehemu nyingine na zinatofautiana hata kati ya samaki wa mto mmoja. Ukizisoma alama kumi na kitu za namna hiyo kwa kila samaki, unapata picha ya pande zote mbili za uzazi.

Namkumbuka vizuri samaki mmoja kati ya wale wa mwanzo niliowafanyia kazi kuanzia pezi hadi jibu. Kwenye picha mkia wake ni mweupe, hauna mstari. Mitokondria ikasema perege. Tukaja kwenye maikrosatelaiti: alama ya kwanza perege kwa perege, ya pili vilevile, ya tatu, kwenye mchoro wa mashine ambao kila urefu wa marudio hutokea kama kilele, ikatoka na kilele kimoja cha perege na kingine mahali ambapo tulikuwa tumezoea kuona cha sato tu. Ya nne safi. Ya tano tena mchanganyiko. Niliita wenzangu waje waangalie. Kama mzazi wake mmoja angekuwa sato halisi, kila alama inayotofautisha aina hizi mbili ingekuwa na upande wa sato na upande wa perege. Huyu alikuwa na mchanganyiko kwenye baadhi tu. Maana yake sato aliingia vizazi kadhaa nyuma, na tangu hapo watoto wamekuwa wakizaa na perege. Jicho lisingemwona, na mitokondria haikumwona. Tangu siku ile sikubali jibu la alama moja, hata likitoka kwa mtu ninayemheshimu sana.

Jambo hili haliko kwa samaki peke yao. Kipunji, yule kima wa Rungwe aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, alipimwa DNA mwaka uliofuata kutoka kwa mnyama aliyekutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima. Ikaonekana yuko karibu na nyani wa kawaida kuliko ilivyodhaniwa, hadi akapewa jenasi yake. Baadaye watafiti wengine walipochunguza zaidi, wakakuta mitokondria ya kipunji wa Rungwe inafanana mno na ya nyani wa njano, wakati wale wa msitu wa Ndundulu, Udzungwa, hawana hiyo. Inaelekea zamani sana kulikuwa na mama mmoja au zaidi wa nyani wa njano waliozaa na kipunji wa upande ule. Tembo nao wako hivyo: kuna tembo wa savana katika sehemu mbalimbali za Afrika wanaobeba mitokondria ya tembo wa msituni, huku sehemu kubwa ya DNA nyingine ikiwa ya savana. Majike hukaa na ukoo wao, madume ndiyo yanayozurura na kupanda. Kwa hiyo upande wa baba umebadilika kizazi baada ya kizazi, na upande wa mama ukabaki palepale.

Mimea pia. Rafiki zangu wanaoshughulika na mikoko ya Kunduchi na Mbweni hutumia DNA ya kloroplasti, yaani sehemu ya kijani ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga, ambayo kwa mimea mingi yenye maua hupita kwa mama. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti, ukaanguka majini, ukaelea. Kloroplasti inakuonyesha miche ilikosafiri na mkondo wa bahari, na chavua inakoenda utaijua kwa alama za kiini. Ukisoma moja na kuacha nyingine umesoma safari ya mzazi mmoja.

Yaliyonichukua muda mrefu zaidi kuyajua, hata hivyo, yako mtoni, kabla sampuli haijafika maabara.

Aliyenifundisha uwandani alikuwa dada mmoja mtaratibu sana, na jambo la kwanza alilonipa mkononi lilikuwa penseli. Sampuli zetu ni vipande vidogo vya pezi, vikubwa kama ukucha wa mtoto, vinavyowekwa kwenye kichupa cha spiriti kali. Wino wa kalamu ukiguswa na spiriti unakimbia. Penseli haikimbii. Kwa hiyo unaandika namba kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu, unakitumbukiza ndani ya kichupa pamoja na pezi, kisha unaandika namba ileile nje. Makasi unayafuta na kuyapitisha kwenye moto kabla ya kumgusa samaki mwingine, kwa sababu chembe kidogo tu ya samaki wa jana inatosha kukuzalia chotara ambaye hajawahi kuwepo. Unampiga picha samaki, mkia ukiwa umetandazwa vizuri. Unaandika jina alilolitaja mvuvi, kama alivyolitaja, hata kama unaona amekosea.

Jambo la pili lilikuwa la nyavu. Perege jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na vikitoka hubaki pamoja kwa muda. Ukivuta wavu mmoja mahali pamoja pa maji ya kina kifupi, ukafurahi umepata samaki wadogo thelathini, inawezekana umepata mama mmoja na wanawe. Hesabu zitakuambia mto una samaki wanaofanana kupita kiasi, nawe utaanza kutafuta sababu ya janga ambalo halipo. Dada yule alikuwa akisisitiza tuchukue samaki wakubwa, wachache hapa, wachache kule, na kwa wavuvi tofauti. Inachosha na inakula mafuta ya pikipiki, lakini hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuwatenganisha ndugu uliowachukulia kuwa ni mto mzima bila kukuacha na pengo kubwa kwenye takwimu.

La tatu nililipata kwa wavuvi wenyewe. Kuna mzee mmoja ng'ambo ya Mlandizi ambaye tulikuwa tukimpitia kila tulipokwenda. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nilimuuliza kama samaki wamebadilika.

"Wamebadilika, mwanangu," akasema. "Ile mvua ya El Niño ilipobomoa mabwawa huko juu, ndipo tulipoanza kuwaona hawa wenye mkia wa kanga. Sasa hivi hata ule mkia umepotea, ila samaki si yule. Yule wa zamani ukimbana na wavu anajilaza. Huyu anaruka."

Mvua kubwa za El Niño zilikuwa za 1997 na 1998. Mzee alikuwa amenipa tarehe, njia waliyopitia, na kizazi cha mchanganyiko, vyote kwa pumzi moja, na mimi nilikuwa bado sijafungua kichupa. Alama za vinasaba zinaweza kukuambia kwamba mchanganyiko upo na kukupa makadirio ya umri wake. Haziwezi kukuambia ni bwawa la nani lilibomoka. Tangu hapo, fomu yetu ya uwandani ina nafasi kubwa ya maneno ya mvuvi, na nafasi hiyo hujaa kabla ya nyingine zote.

Maabara nayo ina mambo yake, na sitayarefusha. PCR, njia ya kunakili DNA aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983 na kupewa Nobeli mwaka 1993, inaanza na kipande kimoja na kukizidisha mara mbili kila mzunguko. Mizunguko 30 inakupa nakala zaidi ya bilioni moja. Kimeng'enya chake, yaani protini inayofanya kazi ya kunakili, kilipatikana kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndiyo maana kinavumilia nyuzi 95 ndani ya mashine. Lakini kukihifadhi unahitaji friza, na friza inahitaji umeme. Wakati wa mgao tulikuwa tunagawana zamu za kwenda kuhamisha vitu usiku. Kuna shehena yetu iliwahi kukaa uwanja wa ndege kusubiri karatasi hadi barafu yote ikayeyuka, na kimeng'enya kilichokuwemo hakikufaa tena. Tangu hapo tunaagiza praima, vile vipande vifupi vya DNA vinavyokionyesha kimeng'enya pa kuanzia, zikiwa zimekaushwa, maana hazijali joto la njiani, na kimeng'enya tunakiagiza pamoja na wenzetu wa maabara nyingine ili mtu mmoja akifuatilie kwa karibu hadi kitoke. Pezi lililomo kwenye spiriti halina wasiwasi. Linaweza kusubiri miaka.

Vijana wanaokuja kujifunza kwetu hupenda kuniuliza kama maikrosatelaiti si teknolojia ya zamani. DNA yote ya sato ilikwisha kusomwa na kuchapishwa mwaka 2014, na siku hizi unaweza kulinganisha maelfu ya herufi mojamoja kwa kila samaki. Ni kweli, na fedha zikiwepo nitakuwa wa kwanza kutuma sampuli. Lakini swali likiwa samaki huyu ni chotara au si chotara, alama chache zilizochaguliwa vizuri, zilizopimwa kwanza kwa perege na sato wasio na shaka, zinajibu. Na hapo kwenye wasio na shaka ndipo penye kazi kubwa. Ukichukua perege wa kulinganishia kutoka mahali ambapo tayari pameingiliwa, chotara wote wataonekana safi. Tulitumia muda mwingi kutafuta vijito vya juu ambavyo havijawahi kuwa na bwawa karibu kuliko tulivyotumia kwenye mashine, na ningelifanya hivyo tena.

Kuna watu huniuliza, kwani kuna hasara gani, si samaki ni samaki? Huwa nawajibu kwa uzito wote nilio nao. Ukoo wa perege huyu umekwisha kuifaa dunia: mwaka 1960 mtafiti aitwaye Hickling alitangaza kwamba dume la perege wa kwetu, lililotokea Zanzibar, likipandishwa na jike la aina nyingine ya kusini, watoto karibu wote wanakuwa madume, na wafugaji wa nchi nyingi walifaidika kwa kuwa madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Perege huyu anavumilia maji ya chumvi kuliko sato. Bahari inapozidi kupanda kwenye mito yetu, sifa hiyo ndiyo tutakayoihitaji. Ikishayeyuka ndani ya machotara huwezi kuichuja ikarudi. Wala si Ruvu tu. Kuna perege wa Korogwe, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1955 na Rosemary Lowe na kupewa jina la mji ule, ambaye anaishi bonde la Pangani na pia kwenye viziwa vidogo karibu na Lindi, mbali kabisa. Kila kiziwa kama hicho kinaweza kupotea kwa ndoo moja ya vifaranga iliyomwagwa na mtu mwenye nia njema.

Majibu yalipokamilika tuliyarudisha mtoni. Nalisisitiza hili kwa kila ninayemfundisha, kwa sababu wavuvi wa Ruvu wamekatwa sampuli na watu wengi na wameambiwa majibu na wachache. Tulikaa chini ya mwembe, tukaonyesha picha za mikia, tukaeleza habari ya mama na baba. Waliielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Mama mmoja mwenye bwawa la kufugia hakupenda tulichosema, akasimama.

"Sasa mnataka tuache kufuga?"

Nikamwambia hapana, mama, fugeni, lakini katika bonde hili fugeni perege wa mto huuhuu.

"Haya. Vifaranga vyake vinauzwa wapi?"

Nilimjibu ukweli, kwamba mimi sijui anayeviuza. Ninaofahamu wanaototolesha vifaranga Dar na Pwani wanatotolesha sato, kwa sababu ndicho kinachoulizwa na ndicho chenye wazazi waliochaguliwa. Sasa tunazo alama za kumtambua perege safi wa Ruvu, na tunavijua vijito ambako wazazi wake wanaweza kupatikana. Kinachohitajika ni mtotoleshaji mmoja aliye tayari kuwaweka peke yao, kwenye matangi yasiyo na sato, nasi tukawapima kila msimu kabla hajauza. Nimeanza kuzungumza na wawili. Mmoja ameniuliza bei ya kupima samaki mmoja, nikampa, na anafanya hesabu zake.